Ajali Zilizomfuata Muuza Magodoro

Tarehe 6 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa ofisini, saa ya chakula, na chakula chenyewe kinapoa kwa ajili yako, kwa hiyo usije ukasema nimekusahau. Sisi hatujambo. Mke wangu amebadilishiwa zamu wodini, siku hizi asubuhi anashinda nyumbani akinipangia maisha. Binti yetu ametimiza miaka mitano na tabia zako zote kazichukua: juzi kamgomea mwalimu wa chekechea kwa sababu penseli haikuchongwa vizuri. Tunamwita Shangazi Mdogo, na anaitika. Dada, huyo binti yako, hajambo? Shemeji bado anaimba akikanda unga wa mikate? Na goti lako je?

Sasa nikupe kubwa. Nimeondolewa kwenye kupima viwanja, nimepelekwa kitengo cha usalama barabarani. Kazi yangu ni kuchora ramani ya ajali zote za jiji. Kila ajali naiweka nukta nyekundu mahali ilipotokea, na kama kuna aliyefariki, nukta nyeusi. Polisi wa barabarani wametuletea madaftari yao ya miaka thelathini ndani ya maboksi ya sabuni. Nilipofungua la kwanza nusura nianguke na kiti. Mwandiko wako! Ile "k" yako inayonyoosha mguu kama inataka kumpiga mtu teke. Nikamwambia bosi wangu, Mhandisi: karani huyu ndiye aliyenilea. Akasema basi ndiyo maana nabishana.

Shida iko kwenye safu ya Mahali. Ajali arobaini na moja umeziandika "Kwa Bwana Magodoro". Nami nimeziweka zote mbele ya duka lake pale sokoni, ramani ikavimba jipu. Mhandisi kafurahi. Mwaka huu tuna taa za kuongozea magari za sehemu moja tu, na anataka azifunge hapo. Lakini nimekaa sokoni siku tatu nikihesabu. Kwa msongamano ule magari yanatambaa, kuku anavuka bila kuangalia pembeni. Watu arobaini na mmoja waligongwa na nini pale? Nisaidie kabla sijaaibika.

Mtoto wako,
Bwana Maswali (jina ulinipa mwenyewe, usilalamike)


Tarehe 1 Machi

Baba,

Marahaba. Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi mzima, wasiwasi ni juu yako. Mimi ni nusu mzima: goti la kulia limejiuzulu, la kushoto linafanya kazi za yote mawili. Sikio la kushoto nalo lilistaafu kabla yangu. Dada yako anasema nikupigie tu simu. Nimemwambia simu ni ya kuuliza umefika wapi, jambo la maana linataka karatasi. Yeye ana cherehani mpya na amekuwa na maringo. Mumewe bado anaimba, na mikate bado inaumuka, sijui kwa sababu gani. Mwambie Shangazi Mdogo asirudi nyuma katika suala la penseli.

Barua yako nimeisoma, nikacheka mpaka dada yako akaja kuangalia kama nimeanguka. Baba, wewe mwenye kompyuta umesahau kwamba watu huhama! Bwana Magodoro alihama mara mbili. Sasa ajali zote zimemfuata kwenye ramani yako kama mbuzi wake.

Nikueleze ilivyokuwa. Mimi sikuwahi kukanyaga kwenye ajali. Askari alirudi, akakaa kwenye kiti mbele ya meza yangu, akavua kofia. Namuuliza, wapi? Anasema, kwa Bwana Magodoro. Naandika. Mitaa haikuwa na majina wala namba, na magodoro yake yalikuwa yamepangwa nje hadi juu ya paa, mtu unayaona kutoka mbali. Kila mtu alijua ni wapi. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna siku mtu atasoma mwaka wa kwanza na wa thelathini asubuhi moja.

Miaka minane ya mwanzo alikuwa darajani. Miaka minane ya mwisho ndiyo hiyo ya sokoni. Katikati hapo alihangaikahangaika, sikumbuki vizuri. Gawa tu kwa tarehe: za mwanzo peleka darajani, za mwisho ziache sokoni.

Umepunguza chumvi? Mke wako aliniambia kuhusu presha yako, usidhani sijui.

Shangazi yako


Tarehe 24 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Chumvi nimepunguza, na mke wangu nimemnunia siku nzima kwa kunisemea. Asante kwa maelezo yako. Nilimsomea Mhandisi lile la mbuzi, akajifanya hacheki.

Nimegawa kama ulivyosema. Kumi na tano zimekwenda darajani, ambako siku hizi kuna njia ya waenda kwa miguu na mambo yametulia. Kumi na mbili zimebaki sokoni. Zikabaki kumi na nne hewani, hazina pa kutua. Ikabidi nimfuate Bwana Magodoro mwenyewe. Yu hai, kazeeka, anakaa kwenye kiti ndani ya duka na mkwe wake ndiye anayeuza. Akili yake iko sawa kabisa. Miaka kumi na minne ya katikati, Shangazi, hakuhangaika popote. Alikuwa njia panda ya shule ya msingi, shule yangu ile ya kwanza, niliyosoma kabla hujanichukua! Duka lilitazamana na lango. Nashangaa wewe mwenye kumbukumbu ya tembo hukukumbuka.

Jambo moja limenikaa kooni. Mzee aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia baba, yule wa kiwanda cha uchapaji, akaanza kukunja mashuka ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa. Kisha akaagiza niletewe chai, na nilipoaga akanishika mkono muda mrefu. Walifahamiana?

Baada ya duka kuhama, askari wako walianza kusema "shuleni", na hizo ziko sita. Kwa hiyo pale zimefika ishirini. Majeruhi tupu. Naomba unithibitishie, kwa sababu Mhandisi hataki neno la muuza magodoro peke yake.

Wako,
B.M.


Tarehe 20 Mei

Baba,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, mvua zilikata barabara, halafu nilikuwa na mafua, halafu posta walikuwa wamefunga. Dada yako ameshona sare za kwaya nzima, mashati thelathini na mawili, na mkono mmoja kaushona kichwa chini. Tumecheka. Kuku wangu wawili wameatamia.

Ndiyo, alikuwa pale. Mzee amesema kweli.

Vitambaa vya kichwa vya Shangazi Mdogo namtumia kwenye kifurushi hiki, cha njano ni cha Jumapili. Msalimie mke wako.

Shangazi yako


Tarehe 9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Kifurushi kimefika. Cha njano amekivaa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na leo kimefichwa ili kifuliwe. Anasema Shangazi Mkubwa ana akili.

Barua yako ilikuwa fupi. Wewe ambaye ukieleza jinsi ulivyopika maharage unajaza karatasi mbili! Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna upande wa pili. Kama nimekuudhi, niambie nimekuudhi wapi.

Nikuambie tulipofika. Kamati inayoamua taa zifungwe wapi itakaa tarehe 30 Julai. Wana kanuni yao: taa zinakwenda kwanza mahali palipokufa mtu. Sokoni pana nukta nyeusi moja, ya msukuma mkokoteni mmoja. Shuleni pana nyekundu ishirini na nyeusi hakuna. Kwa hiyo sokoni watapata taa ambazo hawazihitaji, na shuleni watapata kibao chenye picha ya mtoto. Nimesimama pale langoni asubuhi. Kwa nusu saa nimehesabu watoto mia mbili na kumi na mmoja wakivuka, na mabasi yanashuka kile kilima kama yamefukuzwa. Nimerudi ofisini nimekasirika, nikamwambia Mhandisi wanasubiri mtoto afe. Akasema anajua, lakini kanuni ni kanuni.

Na lingine. Nimefika mwaka ule. Sikutaka mwingine aiweke, nukta ya baba nimeiweka mwenyewe. Barabara Kuu, kilomita ya tisa, kama ulivyoandika. Ndiyo nyeusi pekee katika kipande kile chote. Jumapili nilipanda gari nikaenda kusimama pale. Shangazi, hakuna kitu. Hakuna nyumba, hakuna kituo, hakuna njia. Ni majani na nguzo za umeme. Baba alikuwa akitembea kwa miguu kwenda wapi, siku ya kazi, saa nne asubuhi?

Nikarudi kuangalia daftari. Mstari ule, "k" zako hazipigi teke. Zimesimama wima zote, kama za mtu anayeandika mtihani.

Sikulazimishi. Lakini nakuuliza.

Mtoto wako


Tarehe 1 Julai

Baba yangu,

Kuku wametotoa kumi na saba na shemeji yako ana kikohozi. Hizo ndizo habari za nyumbani, zimekwisha.

Barua hii nimeianza mara nne. Dada yako kaniona nachana karatasi, kaniondolea kahawa, anadhani ndiyo inayoniharibia mwandiko.

Kaka yangu hakufia Barabara Kuu. Alifia pale shuleni kwako, mbele ya lango, upande wa Bwana Magodoro. Basi lilishuka kilima breki zimekatika. Bwana Magodoro ndiye aliyetoka dukani na shuka jipya kumfunika, na ndiye aliyekaa naye mpaka askari wakafika. Ndiyo maana alikushika mkono.

Alikuwa anakuletea miwani. Uliisahau nyumbani, mwalimu akapiga simu kiwandani kwamba mtoto haoni ubao, naye akaomba ruhusa. Iliokotwa kwenye mfuko wa shati, haikuvunjika hata kioo kimoja. Askari aliponiletea, alisimama, hakukaa kwenye kile kiti. Nikamuuliza, wapi? Akaniambia. Kisha akatoka nje, akaniacha na daftari.

Nilikufikiria wewe. Miaka minane, mama huna, na sasa baba. Nikajua siku moja utakua, utahitaji karatasi za kifo chake, na hati itatolewa kutoka kwenye mstari wangu. Utasoma "mbele ya lango la shule", utaanza kuuliza maswali yako, na hutachelewa kufika kwenye miwani. Nikaandika Barabara Kuu. Kilomita ya tisa niliitunga. Jioni ile ile nikakutoa shule ile, nikakuambia baba alitumwa na kiwanda nje ya mji. Miaka ishirini nimesema hivyo hivyo.

Hilo ni la kwanza, na ningeweza kuishia hapo ukanionea huruma. Lakini kuna la pili, na ndilo lililonifanya nikuambie habari za mashati ya kwaya.

Kabla yake niliandika ajali tisa za mahali pale. Kwa mkono wangu. Kwa Bwana Magodoro, mwanafunzi, mguu. Kwa Bwana Magodoro, mama na mtoto, kichwa. Wewe ulikuwa unasoma pale pale! Naandika, nafunga daftari, nakwenda kukununulia soksi za shule. Sikuwahi kumwambia mkuu wa kituo, mzee, mbona pale kila mara? Sikumwambia kaka yangu, ukipita pale angalia. Na baada ya kumzika niliandika kumi na moja nyingine, na bado sikusema, kwa sababu sasa nilikuwa na mstari wa uongo wa kulinda. Wewe umekaa pale asubuhi moja ukakasirika. Mimi nilikaa na daftari miaka thelathini.

Nimeandika maelezo yangu kwa kamati na dada yako amenipeleka kwa wakili kuyasaini. Yamo humu. Nimesema nilighushi, nimetaja mwaka na ukurasa. Wakitaka kunifunga waje, ila wajue goti langu halipandi ngazi. Mwombe Bwana Magodoro naye aseme aliyoyaona.

Iondoe ile nukta pale kwenye majani. Umrudishe kaka yangu mahali pake.

Shangazi yako


Tarehe 4 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Sote wazima. Barua yako niliisoma nimekaa kitandani, mke wangu akakaa nyuma yangu akiwa ameniegemea. Nimelia. Nakuambia ili usikae huko ukikisia.

Kwanza kamati, maana najua hulali. Bwana Magodoro alikuja mwenyewe, na mkwe wake, na kiti chake. Aliyasema yote, mpaka rangi ya shuka. Mwenyekiti alisoma maelezo yako, akauliza karani huyu yuko wapi sasa. Mhandisi akajibu: yuko mbali, na kama mnataka kumshtaki anzeni na mimi, kwa sababu ndiye karani pekee katika miaka thelathini aliyewahi kurudi kusahihisha daftari lake. Hawakushtaki mtu. Taa zimekwenda shuleni. Zitafungwa kabla ya muhula kuisha.

Sasa yangu.

Sikuisahau miwani, Shangazi. Niliificha. Watoto waliniita Bibi Kizee, kwa hiyo asubuhi ile niliisukuma nyuma ya redio, nikamwambia mwalimu nimeisahau nyumbani. Kisha nikamsikia akipiga simu. Darasa letu lilikuwa nyuma, mbali na lango; nilikaa dirishani nikimsubiri baba huku naogopa kuchapwa. Jioni ukanichukua, ukaniambia Barabara Kuu. Sikujua ni wapi alipogongwa, lakini nilijua alikuwa anakuja kwangu. Wewe ulilia sana siku zile, nikafikiri, huyu akijua niliificha makusudi hatanitaka, na mimi sina kwingine. Nikanyamaza. Halafu nikakua, nikanyamaza kwa sababu nyingine, kwamba nisikuumize. Mke wangu mwenyewe amelijua juzi.

Kwa hiyo tumelindana miaka ishirini, mimi na wewe, meza moja, kila jioni. Wewe unanilinda nisiijue miwani, mimi nakulinda usiijue miwani. Nilipolifikiria hivyo nilicheka huku nalia, mke wangu akaja na maji.

Kuhusu zile tisa. Mimi nimeona kwa sababu ninazo ishirini na moja kwa pamoja, kwenye karatasi moja, zina rangi. Wewe ulipewa moja, kisha miezi, kisha moja. Wakuu wako walikuwa na ramani ukutani na hawakuchoma hata pini. Ninaumia juu ya baba, sitasema uongo. Juu yako siumii. Wewe ulinipikia, ukanifulia, ukanibishia mpaka nikawa mtu, na nikipewa nafasi ya kuchagua nitachagua tena kulelewa na wewe.

Niambie kama bado unanitaka.

Mtoto wako


Tarehe 29 Agosti

Baba,

Swali gani hilo. Kati ya maswali yako yote, na umeniuliza maelfu, hilo ndilo la kijinga kabisa, na nimemsomea dada yako akakasirika kwa niaba yangu.

Sikiliza. Ulikuwa na miaka minane. Mtoto wa miaka minane huficha miwani, ndiyo kazi yake. Mtu mzima aliyepewa basi anatakiwa kukagua breki, na aliyepewa daftari anatakiwa kusema. Hayo mawili ndiyo yaliyomuua, na yote mawili ni ya watu wazima. Mbele yangu usiitaje tena ile redio. Na hata ungeniambia jioni ile ile, mlangoni, ningekuvua viatu nikakupa chakula kama nilivyofanya.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, karatasi imelegea kwenye mikunjo. Pale uliposema juu yangu huumii, nimejaribu kuamini. Siku nyingine naweza, siku nyingine siwezi. Nitaendelea kujaribu.

Taa zikishawaka niambie, nitakuja. Dada yako ameshanishonea gauni la safari na kunikataza kubeba kuku. Usinipokee stendi ya mabasi. Nitakodi gari linishushe pale palipokuwa kwa Bwana Magodoro zamani, na wewe nisubiri upande wa pili, langoni. Mahali pale sijapakanyaga tangu siku ile, nimekuwa nikizunguka mitaa mitatu mizima ili nisipaone. Usije kunishika mkono. Nitasubiri mpaka magari yasimame yote, niangalie kulia, niangalie kushoto, halafu nitavuka mwenyewe nije kwako.

Shangazi yako